Moto Mdogo Unaowasha Mkubwa: Pailoti ya Gesi Kiwandani



Katika mikutano ya wanachama huku Kirewa swali moja limekuwa likirudi. Wenzetu walioajiriwa kwenye matanuri na maboila upande wa Tororo, na wengine wanaovuka mpaka kwenda Malaba na Busia, wanauliza juu ya ile bana ndogo ya gesi iliyofungwa ubavuni mwa bana kubwa. Mafundi huiita pailoti. Kazi yake ni nini hasa? Na ikiwa imeharibika, kuna ubaya gani kuwasha tanuri kwa kitambaa kilichochovywa katika dizeli na kufungwa kwenye fito, kama wengi wetu tulivyokwisha kuamriwa kufanya?

Tumeona heri tulijibu swali hili kwa urefu. Mambo ya moto wa kiwandani mara nyingi huachwa yawe siri ya fundi mmoja, naye akienda likizo wanabaki vibarua na koki wasizozijua. Mtu anayesimamishwa mbele ya mdomo wa tanuri ana haki ya kujua yaliyomo ndani yake.

KWA NINI IWEPO

Mama akiwasha moto jikoni haanzi kwa kuligusa gogo na kiberiti. Huanza na majani makavu, kisha vijiti vya mtama, ndipo gogo lishike. Mafuta mazito yanayochomwa viwandani ni kama gogo hilo. Ni meusi, na yakiwa baridi hutiririka kwa shida kama asali ya asubuhi. Hupashwa moto kwanza, mara nyingi kupita nyuzi 100 za sentigredi, ndipo yaweze kurushwa na pampu yakawa manyunyu membamba. Hata hapo cheche tupu haiaminiki kuyawasha. Yanataka ulimi wa moto wenye nguvu, usiozimwa na upepo wa feni, uliokwisha kukaa mahali pake ukiyasubiri. Ulimi huo ndio pailoti.

Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, na wazee wengi wa huku wanalijua tanuri la saruji kwa sura yake: bomba kubwa la chuma linalozunguka polepole, limepangwa matofali ya moto ndani. Popote lilipo duniani, tanuri la namna hiyo hupasha mawe ya chokaa na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi. Mtu anayetazama moto ule hudhani haujawahi kuzima. Lakini matofali huchakaa, tanuri husimamishwa lipoe, watu huingia ndani kuyapanga upya, kisha siku inafika ya kuliwasha likiwa baridi. Hiyo ndiyo siku ya pailoti. Boila ya kiwandani huiona siku hiyo mara nyingi zaidi. Nyingine huwashwa na kuzimwa mara kadhaa kwa zamu moja.

Hapa Uganda na kwa majirani zetu wa Kenya, gesi tunayoijua ni ya silinda, inayofika kwa malori. Kwa sababu ya bei yake viwanda vingi vya huku huitumia kwa pailoti tu, na bana kubwa huchoma mafuta. Tanzania mambo ni mengine. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill huichoma katika matanuri yake. Mahali pa namna hiyo pailoti na bana kubwa zaweza kunywa kutoka bomba moja.

Twataja tofauti hii kwa sababu gesi hizi mbili hazina tabia moja. Ya Songo Songo ni nyepesi kuliko hewa; ikivuja hupanda juu na kutafuta paa. Ya silinda ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni, huingia mferejini na kwenye shimo la pampu, hukaa humo kimya kama maji ya kisima. Mtu aliyesimama aweza asinuse kitu, naye mwenzake aliyeinama kufunga kamba ya kiatu ameshaivuta. Tena vifaa vyake haviingiliani. Pailoti iliyokuwa ikichoma gesi ya bomba haiwezi kuletwa Tororo na kufungwa kwenye silinda bila kubadilishwa jeti yake, kwa maana gesi ya silinda ina moto mwingi zaidi katika kipimo kile kile, na tundu lililoifaa ile litakuwa kubwa mno kwa hii.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Vipande vyake si vingi. Gesi hutoka silindani, hupita kwenye regulata inayopunguza nguvu yake, ikafika kwenye tundu dogo kabisa ambalo ndilo jeti. Ikitoka hapo kwa kasi huvuta hewa ya pembeni ijichanganye nayo ndani ya bomba fupi lililobanwa kiunoni kama kibuyu. Mwisho wa bomba hilo ndipo moto unapowaka. Katika pailoti kubwa hewa haivutwi tu, husukumwa na feni.

Kipimo kimoja cha gesi ya silinda hutaka vipimo 24 vya hewa au zaidi ili iungue yote. Hewa ikipungua, moto huwa wa manjano, mlegevu, wenye masizi. Ikizidi, moto hunyanyuka, hukaa mbali na mdomo wa bana, kisha huzima. Moto mzuri ni wa buluu, umekaza, na husikika ukivuma. Lipo jambo ambalo fundi mgeni hulisahau: Tororo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Pailoti iliyopimwa pwani ikawaka vizuri huenda ikatoa masizi huku mpaka ipimwe tena.

Adui mwingine wa hewa ni mdogo sana, naye ni buibui. Pailoti ikikaa wiki mbili tatu bila kazi, buibui hujenga ndani ya bomba lake, na nyigu wa udongo huziba tundu la hewa. Tundu la jeti likizibwa na uchafu, lisafishwe kwa hewa ya kompresa au kwa kuloweka. Asiingize mtu waya au sindano, maana hulipanua, na tangu siku hiyo pailoti haitakuwa ile iliyonunuliwa.

Kinachowasha gesi ni cheche ya umeme. Transfoma hupandisha umeme wa kiwanda kutoka volti 240 hadi elfu kadhaa, mara nyingi kati ya 6,000 na 10,000, nao huruka pengo la milimita mbili au tatu. Vijana wa boda boda, kazi iliyozaliwa hapa hapa kwetu mpakani, wataelewa upesi: ni plagi kama ya pikipiki, ila pengo lake ni pana zaidi. Kauri ya plagi ikipasuka, umeme hukimbilia kwenye chuma kabla ya kuifikia gesi. Kwa nje utausikia mlio wa cheche vile vile, na kumbe gesi inamwagika ndani bila kuwaka.

Sasa tufike kwenye kifaa ambacho twaomba kila msomaji akikumbuke hata akisahau mengine yote: kile kinachoutazama moto na kutoa habari kama upo au haupo.

Cha zamani na cha bei nafuu ni themokapo. Ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha ikikaa motoni huzaa umeme mdogo, yapata sehemu 20 hadi 30 za elfu moja ya volti, na umeme huo watosha kuishikilia sumaku ya vali ikae wazi. Moto ukizima, ncha hupoa, sumaku huachia, vali hufunga. Ubaya wake ni uvivu. Aweza kupita nusu dakika kabla ya kufunga. Kwa oveni ndogo ya mkate yafaa; kwa tanuri kubwa ni muda mrefu mno.

Cha pili ni fimbo ya waya mgumu inayosimama ndani ya moto wenyewe. Moto hupitisha umeme, jambo ambalo wengi hawalijui, nao huupitisha vizuri upande mmoja kuliko wa pili. Kisanduku cha ulinzi hupeleka umeme wa kwenda na kurudi, na kinachorudi ni wa upande mmoja. Hapo kinajua kuna moto. Fimbo ikigusa chuma au ikilowa maji, umeme hupita pande zote sawasawa, na kisanduku hakidanganyiki. Huo ni werevu mkubwa, nasi twawasifu waliougundua.

Cha tatu ni jicho. Hili huona mwanga wa moto ambao macho ya binadamu hayauoni. Matofali yaliyoiva hayalidanganyi jicho hili, ila cheche ya plagi huweza kulidanganya, kwa sababu nayo hutoa mwanga wa namna ile. Tena jicho lililozeeka huweza kupatwa na wazimu: likasema moto upo na kumbe giza tupu. Kwa hiyo mtambo unaowaka mfululizo kupita siku nzima unatakiwa uwe na jicho linalojipima lenyewe, lenye kifuniko kinachofunga na kufungua kila mara, ili lionekane kama linajua tofauti ya moto na giza.

Kisanduku kikishapata habari, ndicho huamua. Kwa desturi ya waundaji wengi, pailoti hupewa sekunde 10 ionekane. Isipoonekana, gesi hukatwa. Ikionekana, ndipo vali ya bana kubwa hufunguliwa, nayo ikiwa ya mafuta hupewa kama sekunde 15 ishike. Na moto ukipotea wakati wa kazi, mafuta yakatwe ndani ya sekunde nne.

Katika mitambo mingi pailoti yenyewe huzimwa bana kubwa ikishashika. Wengine hudhani ni kubana gharama ya gesi. Sababu kubwa ni nyingine. Pailoti ikibaki inawaka, jicho litaendelea kuuona moto wake na kutulia, hata kama bana kubwa imezima na mafuta yanamwagika tanurini.

DAKIKA MBILI ZA FENI

Hapa ndipo pana ugomvi kati yetu na wasimamizi, basi tufanye hesabu.

Chukua tanuri lenye nafasi ya mita 10 za ujazo, sawa na chumba kidogo sana. Gesi ya silinda huweza kulipuka ikifika sehemu mbili tu katika mia ya hewa. Mbili katika mia ya mita 10 ni lita 200 za gesi, na lita hizo ukizitia kwenye mizani hazifiki nusu kilo. Silinda za nyumbani tunazozijua ni za kilo 6 na 13. Kwa hiyo kiasi cha gesi ambacho mama asingekiona kimepungua jikoni kwake chatosha kuung'oa mlango wa tanuri hilo.

Ndiyo maana feni hutangulia. Kanuni inayofuatwa kwa matanuri ni kubadilisha hewa yote angalau mara nne kabla ya cheche yoyote. Kwa maboila makubwa ambayo maji yako ndani ya paipu, mara nane. Tanuri letu la mita 10 lataka mita 40. Ikiwa feni yasukuma mita 20 kwa dakika, basi ni dakika mbili kamili, na dampa ya bomba la moshi iwe wazi, ama sivyo feni inazungusha gesi ile ile humo humo. Pailoti ikikataa, dakika mbili zianze upya. Ikikataa mara ya pili, zianze upya tena, kisha mtu atafute kosa liko wapi badala ya kubonyeza kitufe.

Msimamizi mwenye haraka huona dakika sita zimepotea. Lakini kila jaribio lililoshindwa limeacha gesi ndani, na jaribio la tatu huikuta gesi ya la kwanza na la pili.

Liko pia wazo la kwamba tanuri likiwa bado moto matofali yatawasha yenyewe. Wazo hili limeunguza watu. Wenye kutunga kanuni wameweka mpaka wa nyuzi 760: chini ya hapo matofali hayahesabiwi kuwa kiwashio cha kutegemewa. Tofali linalong'aa wekundu hafifu gizani bado halijafika huko. Tena kuta hazipoi sawasawa. Upande mmoja waweza kuwasha na mwingine usiwashe, na mafuta yanayodondokea tofali la joto hugeuka mvuke kwanza, yakalijaza tanuri zima, ndipo yakute mahali penye moto wa kutosha.

Na sasa kitambaa cha dizeli. Mtu anayekishika yuko mbele ya tundu, pale pale mlipuko utakapotokea kwanza. Hajui feni imepita muda gani. Hana vali mkononi. Fito ikizima nusu njia, gesi au mafuta yanaendelea kutoka huku yeye akitafuta kiberiti. Kisanduku kingekwisha kufunga katika sekunde 10; yeye huhesabu nini? Hilo ndilo jibu la swali la wenzetu.

KUIFUNGA MAHALI PAKE

Si kazi ya kila mtu kuifunga pailoti, ni kazi ya fundi aliyefundishwa gesi. Ila mfanyakazi anaweza kuitazama kazi ya fundi na kuuliza.

Silinda zikae nje, wima, ndani ya wavu uliofungwa kufuli, mahali penye kivuli na upepo, mbali na mfereji, shimo na moto. Zikilazwa, gesi ya maji huingia kwenye paipu, na tone moja la maji hayo hufura mara 250 au zaidi likigeuka hewa. Ni vizuri ziwe mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikingoja. Gesi ikitolewa kwa wingi, silinda hupoa mpaka ikatoka jasho au barafu, na pailoti hudhoofika. Hapo tumeona watu wakiipasha kwa moto wa makaa. Wasifanye hivyo kabisa. Dawa yake ni kuongeza silinda ya pili zigawane kazi.

Paipu iwe ya chuma, ishikiliwe ukutani, isiwe mpira wa maji ya bustani. Kabla ya pailoti pawe na koki ya mkono inayofikika bila kupita mbele ya tanuri, kichungi, mfuko mdogo wa chini wa kunasa uchafu, regulata, geji, kisha vali mbili za umeme zikifuatana. Kwa nini mbili? Kwa sababu vali moja hunaswa na chembe ya kutu ikashindwa kukaza, wala huoni kwa nje. Katika mitambo mikubwa kati ya hizo mbili huwekwa tundu la kutoa nje gesi itakayopenya. Na pale ambapo bana kubwa nayo ni ya gesi, paipu ya pailoti ichukuliwe kabla ya vali kuu, kwa kuwa pailoti ndiyo ya kwanza kuwaka. Lakini iwe na vali zake yenyewe.

Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni. Anayepima kwa kiberiti aondolewe kazi hiyo siku hiyo hiyo. Wala pua isitegemewe peke yake: gesi hutiwa harufu ili ijulikane, lakini pua ikizoea huacha kuisikia.

Pailoti yenyewe ikae ili ulimi wake ukate njia ya manyunyu ya bana kubwa karibu na mdomo, palipo na mafuta na hewa pamoja. Ikirudi nyuma mno haiyafikii. Ikitokeza mno, huungua ncha. Waya wa cheche usipite pamoja na waya wa jicho, maana huupa habari za uongo. Bana na transfoma viwe na waya wa ardhi ulio mzima. Bomba la jicho liinamie chini kuelekea motoni, ili masizi na unyevu visikae kwenye kioo, na lipate upepo kidogo wa kulipoza.

Halafu kuna jaribio moja ambalo mafundi wa haraka huliruka, nasi twaliona kuwa ndilo la maana kuliko yote. Fundi hupunguza gesi ya pailoti kidogo kidogo mpaka ibaki moto mdogo kabisa ambao jicho bado linauona. Kwa moto huo mdogo, je, bana kubwa inawaka mara moja, bila kusita na bila kishindo? Ikiwaka, jicho limeelekezwa sawa. Isipowaka, maana yake jicho huweza kuridhika na moto usioweza kazi, na siku moja litafungulia mafuta yasiyo na wa kuyawasha. Hapo jicho lielekezwe upya na jaribio lirudiwe. Muulizeni fundi wenu: lilifanywa lini?

WAYA MFUPI

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, boila ilikuwa ikizima yenyewe usiku. Kisanduku kilikata mafuta mara tatu kwa zamu moja. Kioo cha jicho kilikuwa na masizi, jambo la kufutwa kwa kitambaa laini katika dakika tano. Badala yake mtu aliunganisha kipande cha waya kutoka kwenye umeme hadi kwenye vali ya mafuta, ukikipita kisanduku kabisa. Boila haikuzima tena, na asubuhi wakubwa walifurahi. Wiki ile ile moto wa bana ulipotea kwa sababu ya maji ndani ya mafuta. Hakuna kilichokata. Mafuta yaliendelea kunyunyizwa kwenye matofali ya joto, na kibarua mmoja, ambaye hakuwa hata na mwezi mmoja kazini, akatumwa aende "aitazame". Alifungua tundu la kutazamia. Hewa iliyoingia ndiyo iliyokamilisha mchanganyiko. Mikono yake mpaka leo haikunji ngumi.

Tulipokwenda kuulizia, tuliambiwa mfanyakazi hakufuata maagizo. Tukaomba tuonyeshwe maagizo yaliyoandikwa. Hayakuwako.

Waya mfupi huo, ndugu, hutambulika. Ni waya ambao rangi yake hailingani na nyingine, haumo katika mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, na mara nyingi umefungwa kwa utepe tu. Kipande cha karatasi kilichobana kitufe ni ndugu yake. Ukikiona usikiondoe mwenyewe wakati mtambo unawaka. Mwite mwakilishi wa usalama na mwandike.

Sheria ziko. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kulinda watu wake na kuwafundisha, nayo inatambua wawakilishi na kamati za usalama. Wakaguzi wake wako chini ya wizara inayoshughulika na kazi. Kwa wenzetu wanaovuka kwenda Kenya, sheria yao ni ya mwaka 2007. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Sheria hiyo yasema mfanyakazi amweleze msimamizi wake hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kusema katika Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 kwamba mtu aliyejiondoa kwenye hatari ya namna hiyo kwa sababu za haki asiadhibiwe, na mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama kazini katika haki za msingi za wafanyakazi wote.

Kwa hiyo mwenzetu akiambiwa ashike fito yenye kitambaa, aseme kwa heshima: "Bwana, pailoti haifanyi kazi, nami siwezi kuwasha mpaka itengenezwe." Aseme mbele ya mtu wa pili. Kisha aandike kwenye kitabu cha boila, na kama hakuna kitabu basi kwenye daftari lake mwenyewe: tarehe, saa, jina la aliyeamuru, muda ambao feni ilipita, pailoti ilijaribiwa mara ngapi, taa gani ya kisanduku ilikuwa inawaka. Asiyejua kuandika amwendee mwakilishi zamu ikiisha, maneno yakiwa bado mabichi, naye atamwandikia. Karatasi hiyo ndiyo tunayoibeba mezani kwa mwajiri na kwa mkaguzi.